Seneta, balozi, mjumbe maalumu: kumwelewa John Danforth

Tangu vita vya Sudan vilipolipuka tena Aprili 2023, taarifa za habari hazijaacha kumtaja "mjumbe maalumu wa Marekani". Ametua, ameondoka, amekutana na huyu, amekataliwa na yule. Kila anapotajwa, maswali ya kijiweni ni yale yale. Huyu ni balozi au si balozi? Katumwa na nani? Ana nguvu gani ya kumwambia jenerali ashushe bunduki? Na akitokea mwenye kumbukumbu ndefu akasema kazi hiyo ilishawahi kushikwa na mzee mmoja ambaye ni kasisi na aliwahi kuwa seneta, mazungumzo hugeuka: "Aa, yule ndiye aliyeikata Sudan vipande viwili."

Dai hilo nimelisikia mara nyingi mno, na ukweli unakaribia kuwa kinyume chake. Ndiyo maana nimeona tumchukue mtu huyo mmoja, John Danforth wa jimbo la Missouri, tumfuate tangu mwanzo. Alikuwa seneta, akawa mjumbe maalumu, kisha balozi, hivyo ukimfuata yeye utaziona kazi hizo tatu zikiachana. Na kwa kuwa njia ya amani ya Sudan aliyosaidia kuifungua ilipita Machakos, Naivasha na Nairobi, hii ni historia yetu pia.

Tuanze na maneno, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinatuchanganya. Kwa Mtanzania, balozi wa kwanza maishani ni balozi wa nyumba kumi, yule anayeamua kesi ya mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. Mitaa mingine humwita mtu huyo huyo mjumbe. Kwa hiyo redio ikisema "balozi" na "mjumbe", wengi husikia kitu kimoja.

Balozi wa nchi ni mtu aliyehamia. Ana ofisi, ana makazi, ana bendera mlangoni, na shughuli zake ni zote zinazozihusu nchi mbili: biashara, viza, wanafunzi, misaada, migogoro. Mjumbe maalumu ni mshenga. Mshenga hahamii kwa wakwe. Anakwenda na kurudi, anabeba maneno ya upande huu na kuyalainisha kabla hayajafika upande ule, anajua mahari inaweza kushuka hadi wapi, na hana mamlaka ya kumwoza mtu yeyote. Nguvu yake yote inatokana na waliomtuma. Akirudi nyumbani wasimsikilize, safari zake zimekuwa nauli tu. Balozi wa Marekani hateuliwi na rais peke yake, sharti Seneti imkubali. Danforth, alipopewa kazi ya Sudan, ilitosha Rais George W. Bush kumtaja.

Na seneta? Mkenya analijua neno hili, lakini Seneti ya Kenya na ile ya Washington zimefanana jina zaidi ya kazi. Kenya ina maseneta 47 waliochaguliwa na kaunti zao pamoja na wengine wa kuteuliwa, na kazi yao kubwa ni kulinda maslahi ya kaunti. Mabalozi wa Kenya hupitishwa na Bunge la Taifa, si Seneti. Tanzania haina kabisa bunge la pili. Marekani ina maseneta 100, wawili kwa kila jimbo, liwe kubwa kama California au dogo kama Vermont, na kila mmoja hukaa miaka 6 kabla ya kurudi kwa wapiga kura. Hao ndio wanaopitisha majaji wa Mahakama ya Juu, mawaziri, mabalozi na mikataba ya kimataifa. Seneta mmoja mwenye subira anaweza kuchelewesha mambo ya rais kwa miezi. Katiba yao haimruhusu mtu kuwa seneta na balozi kwa wakati mmoja. Akitaka kimoja, aache kingine.

Limebaki neno lililo gumu kuliko yote: wastani. Danforth huitwa seneta wa msimamo wa wastani, mtu wa kati. Sisi tukisikia hivyo tunamfikiria mtu asiye na upande, kinyonga, anayesubiri kuona upepo unavumia wapi. Danforth hakuwa hivyo. Alipinga utoaji mimba. Alipinga pia adhabu ya kifo, jambo ambalo wengi wa chama chake cha Republican waliliunga mkono. Hayo mawili aliyashika miaka yote bila kuyumba. Wastani wake haukuwa katika alichokiamini, ulikuwa katika namna alivyokaa na asiyekubaliana naye: alikubali kupata nusu ya alichotaka leo kuliko kukosa vyote, na aliamini mpinzani anaweza kuwa mtu mwema aliyekosea. Hilo likishikwa, mengine yote ya maisha yake yanasomeka.

Alizaliwa St. Louis mwaka 1936, katika familia ya kitajiri. Babu yake alianzisha kampuni ya Ralston Purina, iliyokua kwa kuuza chakula cha mifugo. Kijana akasoma Princeton, kisha akaenda Yale na mwaka 1963 akatoka na shahada mbili kwa mpigo, ya sheria na ya theolojia. Akapewa upadre katika Kanisa la Episcopal, ambalo ni ndugu wa Anglikana tunayoifahamu huku. Hakuuacha upadre alipoingia siasa. Juni 2004 dunia ilipomzika Rais Ronald Reagan katika kanisa kuu la Washington, aliyeongoza ibada ni Danforth, na wakati huo alikuwa tayari ameteuliwa kuwa balozi. Wapo waliomwita "Mtakatifu Jack", Jack likiwa jina lake la kuitwa, na si wote waliosema hivyo kwa kumsifu.

Mwaka 1968 alichaguliwa kuwa mwanasheria mkuu wa Missouri. Katika jimbo ambalo chama cha Democrat kilikuwa kimelishika kwa zaidi ya miaka 20, hilo lilikuwa pigo. Ofisi yake akaijaza vijana. Mmoja, John Ashcroft, baadaye alikuwa gavana, seneta na mwanasheria mkuu wa Marekani nzima. Mwingine, Christopher Bond, alikuwa gavana na seneta. Wa tatu aliajiriwa mwaka 1974 akiwa ametoka chuoni, kijana mweusi kutoka Georgia aitwaye Clarence Thomas. Jina hilo tutakutana nalo tena.

Seneti aliitafuta mwaka 1970 akashindwa kwa kura chache. Akarudi mwaka 1976. Usiku ule ule chama cha Democrat kilipompata mgombea wake, Jerry Litton, ndege iliyokuwa ikimpeleka kusherehekea ilianguka na kuua wote waliokuwamo, yeye na familia yake. Chama kikamsimamisha gavana wa zamani, na Danforth akamshinda. Akakaa miaka 18, hadi Januari 1995 alipoondoka kwa hiari yake.

Miaka 18 ya Seneti siwezi kuieleza yote. Nitachukua mwaka mmoja, 1991, kwa sababu ndani yake mtu huyu anaonekana wote, mwanga na kivuli.

Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu kuhusu viwanda vya kusindika samaki huko Alaska. Kazi za mashine na ofisi zilikuwa za wazungu, kazi za kukata samaki zilikuwa za Wafilipino na wenyeji wa Alaska. Wafanyakazi wakashtaki. Swali la kisheria, ukilivua mavazi yake yote, ni hili: sharti la ajira likionekana kuwafungia nje watu wa rangi fulani, nani anapaswa kujieleza? Fikiria kampuni inayotafuta mlinzi wa geti na kumdai cheti cha kidato cha sita. Je, kampuni ndiyo ioneshe cheti hicho kinasaidia nini getini, au mlinzi aliyekosa kazi ndiye athibitishe kwamba hakisaidii? Tangu mwaka 1971 mzigo huo ulikuwa kwa mwajiri. Hukumu ya 1989 ikamtwisha mfanyakazi, na sote tunajua mfanyakazi hana ufunguo wa kabati la mafaili.

Wabunge wakatunga sheria ya kuurudisha mzigo kwa mwajiri. Mwaka 1990 Rais George H. W. Bush, baba wa yule wa baadaye, akaipiga kura ya turufu akisema italazimisha waajiri kugawa kazi kwa mafungu ya rangi. Hapo ndipo Danforth alipoingia. Alikuwa Republican, wa chama cha rais. Akakaa na Edward Kennedy wa Democrat upande mmoja na watu wa Ikulu upande wa pili, akipeleka neno na kurudisha neno, sentensi kwa sentensi. Ushenga huo ulichukua miezi. Seneti ikaipitisha kwa kura 93 dhidi ya 5, na Novemba 21, 1991 Bush akaitia saini. Huo ndio wastani ninaousema. Hakuwaomba Democrat waache hoja yao wala hakumwomba rais aache yake. Alitafuta maneno ambayo wote wawili wangeweza kuyasaini bila kuaibika.

Lakini msimu ule ule, rais alikuwa amempendekeza Clarence Thomas kwa Mahakama ya Juu. Profesa wa sheria Anita Hill, aliyewahi kufanya kazi chini ya Thomas, akaieleza kamati ya Seneti mbele ya kamera kwamba Thomas alimsumbua kijinsia kwa maneno. Thomas akakana. Danforth, aliyemjua tangu ujana, akasimama naye kwa nguvu zake zote. Thomas akapita kwa kura 52 dhidi ya 48, tofauti ndogo kuliko ilivyokuwa kawaida kwa jaji wa mahakama hiyo, na akawa miongoni mwa majaji wenye msimamo mkali wa kihafidhina. Kwa Wamarekani wengi, hasa wanawake, ule utulivu wa mtu wa kati ulipotea wiki ile, ukabaki upendo wa baba kwa kijana wake. Mimi naona hivyo pia. Sifa ile ile iliyomfanya awe mpatanishi mzuri, ya kumwamini mtu anayemjua, ndiyo iliyomfanya asimsikilize mwanamke ambaye hakumjua.

Baada ya kustaafu hawakumwacha apumzike. Mwaka 1999 serikali ya Bill Clinton, ya chama pinzani, ilimpa uchunguzi wa mkasa wa Waco, Texas, ambako mwaka 1993 watu zaidi ya 70 wa kundi la dini walikufa motoni wakati polisi wa shirikisho wamelizingira jengo lao. Uchunguzi wake ukaonesha kwamba maofisa wa serikali hawakuwasha moto ule. Wengi walimwamini kwa sababu hakuna aliyeweza kusema anamlinda Clinton. Kumbuka hilo, kwa sababu ndiyo sababu ya Sudan.

Septemba 6, 2001, Bush mdogo alimtangaza Danforth kuwa mjumbe maalumu wa amani Sudan. Siku tano baadaye New York na Washington zikashambuliwa.

Kwa nini mshenga na si balozi? Kwa sababu Washington na Khartoum zilikuwa hazikai meza moja. Khartoum ilimpa Osama bin Laden makazi kuanzia 1991 hadi 1996. Mabomu ya Agosti 7, 1998 yalipowaua watu wetu Nairobi na Dar es Salaam, Marekani ililipiza kwa kupiga makombora kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum. Nyumba zikifika huko hazitumiani salamu za kawaida. Inahitajika sura ya tatu. Na Danforth alikuwa na sifa nyingine: makanisa ya Marekani yaliyokuwa yakipiga kelele kuhusu Wakristo wa kusini yasingeweza kumshuku kasisi. Wala njaa ya Afrika haikuwa habari mpya kwake. Mwanzoni mwa 1984, akiwa seneta, alirudi kutoka bara hili na picha za watu waliokuwa wakifa kwa ukame, akamwonesha Reagan mwenyewe ili kuomba msaada.

Vita alivyopewa vilikuwa vimeanza 1983 na vilikadiriwa kuua watu wapatao milioni 2, wengi wao kwa njaa na maradhi. Serikali ya Khartoum upande mmoja, jeshi la waasi wa kusini, SPLA, la John Garang upande wa pili. Karatasi zilizokuwa zimesainiwa zilitosha kujaza kabati, na bado mabomu yalidondoka.

Danforth hakuanza na katiba, wala mipaka, wala mafuta. Alifanya kama unavyomfanyia fundi usiyemjua: kabla ya kumpa nyumba, mpe mlango mmoja. Akazipa pande mbili mitihani minne midogo. Mosi, kusitisha mapigano katika milima ya Nuba peke yake. Pili, siku za utulivu katika maeneo maalumu ili watoto wachanjwe polio, minyoo ya Guinea ipigwe vita na ng'ombe wachanjwe sotoka. Tatu, kuacha kushambulia raia. Nne, tume ya kimataifa ichunguze utekwaji wa watu na utumwa. Asiyeweza kuacha kupiga risasi siku chache ili ng'ombe wachanjwe, utamwamini vipi atagawana nawe nchi?

Mtihani wa Nuba ulifaulu kuliko wote. Ile ni milima ya katikati ya Sudan, watu wake wana lugha nyingi, Waislamu na Wakristo katika familia moja, na kwa miaka walikuwa wamezingirwa wasipate hata chumvi. Januari 19, 2002, wapatanishi wa Uswisi na Marekani walizifikisha pande mbili kwenye makubaliano huko Bürgenstock, Uswisi. Waangalizi wa kimataifa wakaingia bila silaha. Mapatano yalikuwa ya miezi 6, yakaongezwa, yakaongezwa tena, na yakashika hadi amani kubwa ilipofika.

Mtihani wa raia ulifelishwa mbele ya macho ya dunia. Februari 20, 2002, katika kijiji cha Bieh, Upper Nile ya Magharibi, wanawake na watoto walikuwa wamekusanyika kupokea chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani mchana kweupe. Helikopta ya jeshi la serikali ikaja chini na kuwafyatulia. Zaidi ya watu 20 walikufa wakiwa wamekuja kuchukua nafaka. Marekani ikasimamisha mazungumzo na Khartoum. Khartoum ikaomba radhi, na Machi ikasaini kukubali waangalizi wa kimataifa wachunguze kila shambulio dhidi ya raia. Mshenga hakuwa na jeshi. Alikuwa na uwezo wa kunyanyuka mezani, na safari hii kunyanyuka kwake kulikuwa na uzito kwa sababu kila mtu Khartoum aliijua hasira ya Marekani baada ya Septemba 11.

Aprili 2002 akamwandikia rais taarifa yake. Alisema hakuna upande unaoweza kushinda vita hivi, na kwamba Marekani isianzishe meza yake bali iitie nguvu meza iliyopo, ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, chini ya Kenya.

Sasa tufike kwenye lile dai la kijiweni. Katika taarifa hiyo hiyo Danforth alieleza kwamba haki ya watu wa kusini kujiamulia mambo yao haikulazimu kuwa na mlango wa kujitenga. Njia aliyoiona bora na inayowezekana ni kusini kubaki ndani ya Sudan, lakini chini ya serikali inayoheshimu dini na utamaduni wao, na kwa dhamana za kimataifa. Wapiganaji wengi wa kusini hawakufurahi kusoma hivyo. Kujitenga kama chaguo kulikuwa kumeandikwa katika misingi ya IGAD tangu 1994, kabla Danforth hajakanyaga huko kama mjumbe, na SPLM, chama cha siasa cha Garang, hawakukubali kamwe kukuacha.

Kilichotokea ni kwamba meza ilimshinda mshenga. Julai 20, 2002, huko Machakos, chini ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, pande mbili zilikubaliana: sharia ibaki kaskazini, na kusini ipige kura ya maoni baada ya kipindi cha mpito cha miaka 6. Sumbeiywo ndiye aliyekesha na wajumbe, aliyevumilia kususiwa na kurudiwa. Kuanzia Septemba 2003, Garang na Makamu wa Rais Ali Osman Taha walikaa wao wenyewe kando ya Ziwa Naivasha, wakagawana jeshi, kisha mafuta, kisha madaraka, itifaki moja baada ya nyingine. Marekani, Uingereza na Norway zilikuwa nyuma ya mlango zikisukuma na kuahidi. Ukisema "Danforth ndiye aliyeleta amani ya Sudan" unamnyang'anya Sumbeiywo jasho lake. Ukisema "Danforth ndiye aliyeigawa Sudan" unamtwika wazo aliloliandikia hoja ya kulipinga. Kilicho chake ni lile la katikati: kuthibitisha, kwa mitihani midogo, kwamba kulikuwa na kitu cha kuzungumza.

Katikati ya 2004 akawa balozi kweli kweli, na hapa kuna mkanganyiko mwingine. Balozi katika Umoja wa Mataifa hajatumwa kwenye nchi. Ametumwa kwenye ukumbi. Anaisemea nchi yake mbele ya nchi nyingine zote, na kama nchi yake ni moja ya zile tano zenye kura ya turufu katika Baraza la Usalama, mkono wake ukinyanyuka kukataa, jambo limekufa. Urais wa Baraza hilo huzunguka kila mwezi kwa wanachama wote 15. Novemba 2004 zamu ikaiangukia Marekani, na Danforth akaitumia kwa jambo lisilo la kawaida: akalihamisha Baraza zima kutoka New York hadi Gigiri, Nairobi.

Tangu 1952 Baraza lilikuwa limeketi nje ya New York mara tatu tu, Addis Ababa, Panama na Geneva. Novemba 18 na 19, mabalozi 15 wakawa Nairobi, Garang na Taha mbele yao. Pande mbili zikasaini, mbele ya Baraza, ahadi ya kumaliza mazungumzo kabla ya Desemba 31, na Baraza likapitisha Azimio namba 1574. Mila zetu zinalijua hili: maneno yaliyosemwa faraghani na mshenga hurudiwa siku moja hadharani, wazee wote wakiwa wameketi, ili asitokee wa kuyaruka. Desemba 31 itifaki za mwisho zilisainiwa Naivasha. Januari 9, 2005, katika uwanja wa Nyayo, Garang na Taha walisaini mkataba wenyewe, Rais Mwai Kibaki na Rais Yoweri Museveni wakiwa mashahidi.

Lakini wakati Naivasha inasherehekewa, Darfur, magharibi mwa Sudan, ilikuwa inaungua kwa vita vingine tangu 2003. Wakosoaji walisema, na bado wanasema, kwamba Washington ililegeza mkono kuhusu Darfur ili isiibomoe Naivasha. Ni lawama nzito na siioni kuwa ya uongo. Danforth mwenyewe alipeleka maazimio kuhusu Darfur katika Baraza la Usalama, yakafika mezani yamepunguzwa makali, kwa kuwa China na wengine hawakutaka vikwazo. Siku chache baada ya Nairobi, kamati ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lile la nchi zote, ilikataa hata kulijadili azimio la kulaani ukatili wa Sudan. Akauliza hadharani Baraza Kuu lina faida gani siku kama hiyo. Mtu aliyezoea kutafuta maneno ambayo wote wanaweza kuyasaini alikuwa amefika mahali ambapo maneno ya namna hiyo hayakuokoa mtu.

Aliondoka Januari 2005, baada ya takriban miezi 7 tu, akieleza kwamba anataka kuwa nyumbani St. Louis na mkewe, Sally. Garang alikufa kwenye ajali ya helikopta Julai 30 mwaka huo huo. Kura ya maoni ilipigwa Januari 2011, asilimia 98.83 wakachagua kujitenga, na Julai 9 Sudan Kusini ikawa nchi. Milima ya Nuba, ule mtihani uliofaulu, ilirudi vitani mwezi mmoja kabla ya siku hiyo ya uhuru. Mkataba mkubwa uliwapa watu wake "mashauriano" badala ya kura.

Nyumbani nako ardhi ilikuwa imesogea. Machi 2005 Danforth aliandika katika New York Times kwamba chama chake kimegeuka kuwa tawi la kisiasa la Wakristo wahafidhina, naye ni kasisi anayesema hivyo. Mwaka 2006, pamoja na kupinga kwake utoaji mimba, aliunga mkono kura ya Missouri ya kulinda utafiti wa seli za viinitete kwa ajili ya tiba. Katikati palizidi kuwa pembamba, na waliobaki pale pamoja naye walikuwa wakipungua.

Akaendelea na tabia yake ya zamani ya kuwabeba vijana. Mmoja alikuwa mwanasheria wa Yale kama yeye, Josh Hawley, ambaye Danforth alimsifu, akamfungulia milango na kumsaidia kuingia Seneti mwaka 2018. Hawley akawa seneta wa kwanza kutangaza kwamba atapinga kuthibitishwa kwa matokeo ya uchaguzi wa 2020. Baada ya bunge kuvamiwa Januari 6, 2021, Danforth alisema kwamba kumuunga mkono Hawley ndilo kosa baya kuliko yote aliyowahi kufanya maishani. Mwaka uliofuata, akiwa na zaidi ya miaka 85, alijaribu kumsimamisha mgombea huru kwa kiti kingine cha Seneti cha Missouri. Mgombea huyo akajitoa mwezi Agosti, kabla ya kura. Novemba 2024 Hawley alichaguliwa tena, kwenye kiti kile kile ambacho Danforth alikikalia kwa miaka 18.